Jalada Lisilo na Jina

Jumapili, 7 Septemba 1969. Burslem

Mgongo unaniuma. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la kwanza ninalolijua kila asubuhi, kabla sijajua leo ni siku gani. Jana tulipiga muziki Bolton, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la mazulia, na ngazi zake zimejikunja kama utumbo. Kinanda changu cha umeme kina uzito wa ng'ombe aliyekufa. Dougie hushika chini kwa sababu ana nguvu, mimi hushika juu kwa sababu kinanda ni changu, na Royston hubeba gitaa lake na maoni yake.

Tuko watatu tu. Royston Machin anaimba na kupiga gitaa, Dougie Colclough anapiga ngoma na kuendesha vani, mimi napiga kinanda kwa mikono na besi kwa miguu. Bendi inaitwa Marlpit, jina la yale mashimo ya udongo wa mfinyanzi tuliyochezea utotoni. Santuri yetu ya kwanza tuliirekodi London mwezi wa saba. Itatoka Novemba, Mungu akipenda na kampuni ikikumbuka.

Kanisani leo mama, ambaye ndiye mpiga kinanda wa ibada, alikosea wimbo wa tatu. Waumini hawakugundua, mimi niligundua. Vidole vyake vimefanya vifundo. Tulipomaliza kula alisukuma sahani pembeni.

"Neville, mwanangu. Kiti changu cha kinanda kinataka mtu."

"Si yupo Bibi Tunnicliffe?"

"Bibi Tunnicliffe anapiga kinanda kama anakanda unga. Nimekufundisha tangu miguu yako haifiki chini. Nilikufundisha ili ukawapigie walevi kelele?"

"Mama, hujawahi kutusikia."

"Nilikuja mlipopiga Hanley."

"Ulikaa nyimbo mbili, tena na koti mwilini."

"Koti nililivaa mwilini, sikulivaa masikioni."

Nani anamweza mama yangu? Nikamwambia anipe mpaka Krismasi. Santuri ikifa, kiti nakichukua, na sitasema neno tena. Akakubali. Sasa nimekaa hapa kitandani sijui kama nimetoa ahadi au nimejitafutia mlango wa kutokea.

Ninachokitaka ni kidogo. Nataka mama asikilize wimbo mmoja mpaka mwisho. Mwishoni mwa upande wa pili kuna kipande changu, kinanda kitupu, kinaitwa "Viatu Mlangoni". Mafundi wa studio walikuwa wametoka kunywa chai, maana saa yao ya chai ikifika hata nyumba ikiungua wanatoka, na tepu ikabaki inazunguka. Nikakipiga nikiwa na soksi tu. Mama alinifundisha hivyo: pedali hazikanyagwi kwa viatu.

Ijumaa, 12 Septemba

Kikao cha jalada la santuri, nyumbani kwa Royston. Royston alisoma chuo cha sanaa mwaka mmoja na mpaka leo hajapona. Ameleta picha aliyoipiga mwenyewe: kanisa letu asubuhi ya ukungu, nyuma yake tanuri la vyungu limesimama kama chupa. Picha ni nzuri, sikatai.

"Na hakuna maandishi," akasema.

"Maandishi yataenda wapi?" Dougie akauliza.

"Hayaendi popote. Mbele hakuna, nyuma hakuna. Bendi za maana siku hizi hazijiandiki. Anayejiandika ni muuza sabuni."

"Sasa watu watajuaje ni sisi?"

"Wanaostahili watajua."

Dougie alinitazama. Mvua ilikuwa inanyesha, basi la mwisho lilikuwa linakaribia, na Royston alikuwa na hotuba nyingine ndefu tumboni, nilimwona akiiandaa. Nikanyoosha mkono kuunga mkono. Dougie naye akanyoosha. Kampuni imekubali kwa simu, nadhani kwa sababu watapunguza gharama ya wino.

Jumamosi, 20 Septemba

Preston. Ngazi. Mvua.

Jumapili, 28 Septemba

Sikukuu ya mavuno kanisani, na chai yake. Akina mama wote walileta keki na mapai, meza zikajaa. Kila sahani chini yake ina kipande cha plasta ya kidonda chenye jina la mwenyewe, ili vyombo visipotee. Vya mama vimeandikwa H. BLOOR, RUDISHENI NYUMBANI. Anabandika mpaka mwavuli. Marehemu baba alikuwa akisema siku moja ataamka amebandikwa yeye.

"Kisicho na jina hakirudi," mama alimwambia binti mmoja aliyeleta sahani tupu isiyo na plasta. Nilikuwa nakula pai. Nikakumbuka lile jalada, nikairudisha pai sahanini.

Ijumaa, 3 Oktoba

Huddersfield. Ngazi za mawe.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sheffield. Ngazi za chuma, za nje, mvua juu yake. Waliokuja walikuwa wachache kuliko waya zetu. Mmoja aliomba tupige kitu cha kucheza dansi. Royston akamweleza kwamba wimbo unaofuata una sehemu nne. Yule bwana akavaa kofia, akatoka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hakuna kitu. Mama alipika chapati za oti, na jibini ndani. Nililala mpaka jioni.

Jumamosi, 25 Oktoba

Ukungu njia nzima kutoka Leeds. Dougie aliendesha kichwa nje ya dirisha. Royston alikaa nyuma na kinanda changu, akizungumzia santuri ya pili, jinsi upande mzima utakuwa wimbo mmoja. Ya kwanza haijatoka! Nilitaka kumnyonga kwa waya wa gitaa lake. Mtu huyu hajawahi kuniuliza mgongo unaendeleaje.

Ijumaa, 7 Novemba

Imetoka.

Nimeishika mkononi. Inanukia gundi. Royston aliigeuza huku na huku bila kusema lolote, na kwake hiyo ni ibada. Dougie alisema, "Kweli hatumo." Akacheka, lakini alicheka peke yake.

Nilinuia kumpa mama nakala. Nilifika nayo mpaka jikoni. Akaniona nina kitu nyuma ya mgongo, akasema, "Kama ni kelele, usiniletee ndani, kichwa kinaniuma tangu asubuhi." Basi, nimeiweka chini ya kitanda. Mwoga ni mimi, sio yeye.

Jumatatu, 10 Novemba

Tulikwenda Hanley kujiona dukani. Tukatafuta kwenye sanduku la bendi mpya, hatumo. Kwenye herufi M hatumo. Royston akaanza kubadilika rangi. Akamwendea mwenye duka.

"Samahani, mnayo santuri ya Marlpit?"

"Marlpit ndiyo nini?"

"Ni bendi. Jalada lina picha ya kanisa na tanuri, kwenye ukungu."

"Aaa, ile!" Yule mzee akafurahi kweli. "Ile ya kanisa. Iko huku."

Akatupeleka nyuma kabisa, kwenye sanduku la nyimbo za dini. Tulikuwa katikati ya kwaya ya wachimba makaa na mahubiri ya Pasaka.

"Huu ni muziki wa rock," Royston akasema.

"Ningejuaje, kijana? Haikuandikwa kitu. Nimeona kanisa, nimeweka na makanisa."

"Ungeisikiliza!"

"Nikisikiliza kila kinacholetwa hapa nitauza saa ngapi?"

Dougie alimshika Royston bega, tukatoka. Nje tulisimama kwenye manyunyu. Nilingoja Royston aseme kwamba wanaostahili watajua. Hakusema. Alikuwa anatazama viatu vyake, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba viatu hivyo vimetoboka, na amevaa hivyo tangu kiangazi.

Alhamisi, 20 Novemba

Gazeti la muziki limetutaja. Limeandika kwamba picha ni nzuri.

Jumamosi, 29 Novemba

Vani imekufa kwenye barabara kuu, mvua ya mawe, tukielekea Coventry. Dougie aliingia uvunguni, miguu ikabaki nje inalowa. Mimi na Royston tulikaa mbele, na hapo ndipo yakanitoka yote. Nikamwambia jalada lake limetuzika. Nikamwambia amekuwa akibeba gitaa moja na mdomo mmoja, wakati sisi tunavunjika migongo. Nikamwambia hata mama yangu angeiona dukani asingejua kuwa ni mwanawe.

Nilitegemea anijibu kwa hotuba. Akafuta ukungu wa kioo kwa mkono wa koti, kisha akasema, "Neville, unajua kwa nini sikutaka jina?"

"Kwa sababu ya sanaa."

"Kwa sababu baba yangu amesema nikishindwa na jina la Machin likiwa juu ya jalada, nisirudi nyumbani."

Mvua ilipiga bati. Miaka minne nimesafiri na mtu huyu, namjua anavyokoroma, na jambo hili sikulijua. Nikampa chapati yangu ya oti iliyopoa. Akaila yote, hakuacha hata jibini lililoganda kwenye karatasi.

Coventry hatukufika.

Ijumaa, 5 Desemba

Kampuni imetuacha. Royston aliwapigia kutoka kwenye simu ya baa, sisi tumesimama nyuma yake kama watoto wanaosubiri matokeo. Tulimsikia akisema "ndiyo" mara kadhaa, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Akakata simu.

"Wanasema wauzaji hawajui waiweke wapi. Ya pili hakuna."

"Kwa hiyo?" Dougie akauliza.

"Kwa hiyo tuna Stockport tarehe ishirini na saba. Baada ya hapo sijui."

Niliporudi nyumbani nilijichunguza kama mtu anayepapasa mwili baada ya kuanguka. Niliona huzuni, kweli. Lakini chini yake kulikuwa na nafuu, na hiyo nafuu ndiyo imenitia aibu. Hakuna ngazi tena! Kanisani kinanda kiko chini, kimekaa mahali pamoja tangu enzi za babu. Nimeahidi, ahadi ni deni. Nani atanilaumu?

Jumapili, 7 Desemba

Baada ya ibada Bibi Tunnicliffe alinivamia mlangoni. Ni mama mnene, mcheshi, anaongea huku amekushika kifungo cha koti usikimbie.

"Neville, baba, wewe unajua mambo ya santuri. Nimenunua moja Hanley, ina picha ya kanisa letu hilihili! Nikasema lazima tutakuwa tumeimba sisi, maana mwaka ule walikuja watu na vinasa sauti. Nimefika nyumbani, nimeweka, lahaula! Yowe! Nadhani kiwandani wamechanganya, wamemwagia muziki wa wahuni ndani."

"Inawezekana, Bibi," nikasema.

"Lakini mwisho kabisa, upande wa pili, kuna kinanda. Kinanda, mwanangu! Nimelia. Nimempelekea mama yako asikilize na yeye."

Nilitoka mbio, kifungo kikambakia mkononi.

Jumapili, 14 Desemba

Mimi sikwenda kanisani, nilikuwa kwa fundi na Dougie. Vani hatuipati mpaka Krismasi ipite, kwa hiyo kinanda tumekileta nyumbani, kimejaa sebule nzima.

Baadaye nilitoka kununua mkate. Narudi, nimeshika kitasa, nikasikia "Viatu Mlangoni" inapigwa ndani kwenye gramafoni ya marehemu baba. Mvua ilikuwa inanyesha lakini sikuingia. Nilisimama mpaka noti ya mwisho, mkate ukalowa. Kisha nikasikia sindano inainuliwa, na wimbo ukaanza upya. Nikasimama tena.

Nilipoingia alikuwa kwenye kiti chake, mikono mapajani, uso umeelekea dirishani.

"Ni nini hiyo, mama?" Mwongo mkubwa mimi.

"Santuri ya Bibi Tunnicliffe. Tazama, kanisa letu."

"Nani anayepiga?"

"Jalada halina jina." Akaligeuza, akalirudisha. "Anachelewa kuachia noti ya mwisho. Lakini anajua kazi yake, huyo. Amefundishwa na mtu."

Miwani yake ilikuwa juu ya kabati la jikoni, niliiona. Kwa hiyo nikaamini hajasoma maandishi madogo ya kwenye santuri yenyewe, hajui. Nikanyamaza. Kwa mara ya kwanza mama amenisikia bila kunikasirikia, nami nikaogopa kwamba nikisema neno ataanza kusikia kelele. Nimepata nilichokitaka, amesikiliza mpaka mwisho, na sina raha. Amemsifu mtu asiye na jina, akamnyima mwanawe.

Jumapili, 21 Desemba

Nimeamua kuandika yote kama yalivyokuwa.

Nilimkuta jikoni anamenya viazi kwa vile vidole vyake. Nikamnyang'anya kisu, nikakaa.

"Mama, kampuni imetuacha. Santuri imekufa. Nimekuja kuchukua kiti, kama nilivyoahidi."

"Kiti kina mtu."

"Nani?"

"Bibi Tunnicliffe. Nimemkabidhi leo mbele ya wazee."

"Anayekanda unga?"

"Mungu ameshazoea."

Kisu kilisimama kwenye kiazi. "Lakini tulikubaliana, mama. Santuri ikifa."

"Imekufa lini? Iko hapo sebuleni, naisikiliza kila siku nikimaliza kula. Hata ule upande wa kelele nimeusikiliza. Yule kijana wa gitaa ana huzuni, halafu anaificha kwa maneno mengi."

"Ulijua ni mimi?"

"Neville!" Aliniita vile alivyokuwa akiniita nikikanyaga pedali mbili pamoja. "Katikati ya santuri pana karatasi ya duara, na kwenye karatasi pana jina la baba yako, Bloor. Nilivaa miwani nikalisoma. Na hata lisingekuwepo, yule mtu amevua viatu! Hakuna kisigino kinachogonga mbao za pedali hata mara moja. Nani mwingine anapiga pedali kwa soksi kama si wangu?"

"Mbona hukusema wiki iliyopita?"

"Nilikuuliza ni nani, kwa namna yangu. Nikakungoja. Ukatazama mkate."

Nikasema, "Mama, nimechoka." Sikuwa nimepanga kusema hivyo. "Nimechoka na ngazi, nimechoka na mvua, nimechoka kuwapigia watu wanaovaa kofia na kuondoka."

"Naona. Na mimi nimechoka tangu kabla hujazaliwa, na kila Jumapili nilikaa kwenye kile kiti. Ukitaka kuacha, acha. Uje uniambie, mama, nimeacha, sitaki tena. Nitakupikia chakula na maisha yataendelea. Lakini usinifanye mimi kisingizio. Kesho utaanza kunichukia, na mimi nitakuwa mzee wa kuchukiwa na mtoto anayeweza kupiga vile."

Nililia. Viazi vilikuwa vimekwisha, sikuwa na pa kuangalia. Akanisogezea kitambaa cha vyombo.

"Sasa niambie," akasema, "ni mpumbavu gani aliyesema msiandike jina?"

"Royston. Lakini mimi nilinyoosha mkono."

"Basi ni wapumbavu wawili."

"Watatu. Na Dougie."

"Dougie namsamehe, ndiye anayeshika chini."

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Bibi Tunnicliffe alikanda unga ibada nzima. Mama alikaa kiti cha tatu kutoka mbele, mikono imetulia mapajani, akaimba. Sijawahi kuisikia sauti yake kanisani, siku zote alikuwa na kazi.

Jumamosi, 27 Desemba

Stockport. Ukumbi uko juu ya duka la samani, na ngazi zake ni ndefu, zina kona katikati. Asubuhi nilikuwa sijaamua kama naendelea au naacha. Vani ilipopiga honi nilishuka na soksi mkononi, bado sijaamua. Mama alikuwa ameinama sebuleni, ameshika mguu wa kinanda anainuka kwa shida. Nikamuuliza anatafuta nini chini huko. Akasema amedondosha sindano.

Tulipofika, Royston aliegemeza gitaa lake ukutani, akaja akashika chini pamoja na Dougie. Mara ya kwanza kwa miaka minne!

Tukapanda. Kwenye kona tulisimama kupumua, mimi juu, wao chini, kinanda kimeinama kifuani mwao.

"Nev," Dougie akasema, shavu lake limebanwa kwenye mbao. "Kuna plasta huku chini."

"Plasta gani?"

"Plasta, ya kidonda. Ina maandishi. Royston, soma, mimi shingo haigeuki."

Royston alikunja shingo akasoma. "N. Bloor," akasema. "Rudisheni nyumbani."

Nilifikiria vile vidole vya mama, na sakafu ilivyo baridi asubuhi. Macho yakaniuma, na mikono yote miwili ilikuwa na mzigo, sikuweza kuyafuta. Walikuwa wananisubiri. Royston alikuwa na nafasi ya kutoa maoni na hakutoa.

"Vipi," Dougie akauliza, "tunapanda au tunashuka?"

Nikawaambia wapandishe, na waangalie ile kona.